Bamvua la Jambiani: siku tatu juu ya ngalawa

Ijumaa

Tulisali Ijumaa mjini Unguja, tukala kwa haraka nyumbani kwa mama yake Fundi, na saa 8 na nusu mchana tukawa ndani ya gari namba 309, magoti yamebanwa na magunia ya watu. Tuko wanne. Fundi anatengeneza mafriji, na ukoo wa baba yake ni wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki. Mpemba ni wa Wete, mtu wa maneno machache aliyekulia juu ya mtumbwi. Jinja tumempa jina hilo sisi wenyewe, kwa kuwa alifanya kazi miaka 3 Jinja, Uganda, akiendesha maboti ya mpira kwenye maji ya kasi ya mto Nile. Wa nne ni mimi, mwalimu wa skuli, mtoto wa Ng'ambo, mitaa ya hapo mjini. Bahari nimeiona kila siku ya maisha yangu, lakini kamba ya tanga sijawahi kuishika kwenye mashindano.

Ami yake Fundi ndiye aliyetuita. Vijana wa Jambiani na vijiji vya jirani huandaa resi zao za ngalawa pale bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, linapoangukia mwisho wa wiki, na mwaka huu ami hakuwa na mabaharia. Mwanawe mkubwa yuko Dar es Salaam. Wa pili yuko hotelini, na Jumamosi haachiwi. "Nileteeni mikono," alimwambia Fundi kwenye simu. "Bahari naijua mwenyewe."

Baada ya Tunguu na Kitogani tukaingia kivuli cha Jozani, gari ikipunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju wavuke salama. Hapo ndipo Jinja alipoanza kusimulia. Boti la mpira hubeba watu 6 mpaka 8, kila mmoja na kafi yake, na kiongozi hukaa nyuma akitoa amri: mbele, nyuma, shikilia. Maji hupangwa kwa madaraja, kuanzia 1 ambalo mtoto hupita akicheka, mpaka 6 ambalo mwenye busara hulizunguka kwa miguu. Wenzake waliomtangulia walimwonyesha palipokuwa na maporomoko ya Bujagali. Bwawa la umeme lilipokamilika mwaka 2012 maji yalipanda, yakatulia, maporomoko yakazama chini yake, na watu wa maboti wakahamia sehemu za chini za mto. Alipofika hapo alinyamaza kidogo, akatazama nje ya dirisha.

"Unguja sitapata tena maji kama yale," alisema.

Ni kweli kwamba mito yetu ni michache na mifupi, na upande huu wa mashariki ardhi ni mawe ya matumbawe matupu, mvua hunywewa kabla ya kufika popote. Sikuwa na la kumjibu.

Tulifika saa 10 na nusu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, rangi ile ya kijani cha chupa ambayo wapiga picha huitafuta, na kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa pumzi ndefu. Ni Agosti. Kusi ya sasa si ile kali ya Juni inayolaza minazi, lakini bado ina mkono mzito. Ami alitusubiri amekaa juu ya ukingo wa ngalawa yake. Tukamwamkia, akaitikia, akatutazama viganja mmoja baada ya mwingine kama anayenunua embe. Fundi akamweleza habari za Jinja na mto wake.

"Na sisi mto tunao," ami akasema, akinyoosha kidole kule mawimbi yanakovunjika juu ya mwamba, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni. "Ule pale mlangoni, penye pengo la mwamba. Wa kwenu unakwenda tu. Wetu unakwenda na kurudi, mara mbili kwa siku."

Ngalawa inaitwa *Haina Neno*. Jina limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye omo, yaani mbele ya chombo, herufi za mwisho zimefutika nusu. Ni gogo moja la mwembe, urefu futi 20 na kidogo, jembamba kiasi kwamba mtu mzima akikaa ndani mapaja yanagusa pande zote mbili. Bila ya mirengu ingepinduka hata kwenye maji ya kisima. Mirengu ni zile mbao mbili zinazoelea kulia na kushoto, zimeshikwa na miti miwili iliyopita juu ya gogo na kufungwa kwa kamba. Msumari hautakiwi hapo, maana ngalawa ni lazima icheze, na kilichopigiliwa msumari kikicheza huvunjika. Mlingoti ni mfupi, foromali, mti unaobeba tanga, ni ndefu, na tanga lina viraka vya rangi tatu. Ami alisema miembe mikubwa ya kuchonga chombo kama hiki imekuwa adimu, na vijana wengi sasa wanageukia mbao au faiba. Hakusema kwa kulalamika, lakini mkono wake ulikuwa ukipapasa lile gogo muda wote aliokuwa akisema.

Tukatoka kidogo kabla ya jua kuzama, kupimana. Ami akagawa kazi. Yeye kwenye usukani. Mpemba mbele, ashike joshi, pembe ya tanga ya chini iliyo mbele, na awe tayari kufua maji kwa dumu lililokatwa. Fundi na Jinja ndio uzito: upepo ukizidi watoke nje, wakae juu ya mti wa mrengu upande wa joshini, kule upepo unakotoka, wauzuie usinyanyuke. Mimi nikapewa demani.

Demani ni kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga. Ukiivuta, tanga linashiba upepo na chombo kinaruka. Ukiiachia, tanga linapepea na chombo kinatulia. Nilidhani nimeelewa. Kwa nusu saa tulikwenda huku na huku ndani ya wangwa, yale maji yaliyo baina ya ufukwe na mwamba, maji yakiimba chini ya mrengu, na sijapata furaha kama ile tangu nilipojifunza baiskeli.

Usiku muhogo wa nazi na papa mkavu, mwezi mpevu, na maji yanapwa taratibu yakiacha ngalawa za watu zimelala mchangani kama mbuzi.

Jumamosi

Asubuhi tuliipoteza, na nimekuwa nikiirejea kichwani mchana kutwa.

Saa 3 ami alivaa viatu vya mpira, akachukua fimbo, akauliza: "Nani anakuja?" Anakwenda kwa miguu mpaka mlangoni, maji yatakuwa yamepwa kabisa saa 4 na nusu. Sote tulikuwa tumekaa barazani na chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Nilisema mimi, kwa ulimi wangu, kwamba afadhali tutunze nguvu kwa ajili ya mchana. Wenzangu wakakubali. Ami hakusisitiza. Tukamwona akiwa mdogo, mdogo, mpaka akawa kijiti kule kwenye mstari mweupe wa mawimbi. Sisi tukacheza bao.

Mashindano yalianza saa 8 mchana, maji yakiwa katikati ya kujaa. Ngalawa 9. Njia ni hii: unaondoka ufukweni, unakwenda mashariki mpaka mlangoni, unatoka nje ya mwamba, unazunguka boya, unarudi ndani, unashuka kaskazini na upepo nyuma yako mpaka mbele ya Paje, unazunguka boya la pili, kisha unapiga bisho, yaani unapanda upepo kwa kukata kushoto na kulia, mpaka ulikoanzia. Sharti moja halina mjadala: atakayepita juu ya shamba la mwani ametoka. Kamba na vigingi vya mwani ni mali ya kina mama, na hapa pwani ya mashariki wamekuwa wakiulima tangu mbegu ilipoletwa kutoka Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaume wa resi wameifuata pwani ambayo wenyewe wapo kazini.

Kanga nyekundu ikaangushwa, vigelegele vikapaa, tukasukuma.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko tulivyostahili. Upepo ulitupiga ubavuni, tanga likashiba, Fundi na Jinja wakatoka nje kwenye mti wa mrengu, na tulipokaribia mlango tulikuwa wa tatu. Hapo nikauona ule mto aliousema ami. Bahari ya nje ilikuwa inaingia wangwani kwa nguvu kupitia pengo moja la mwamba, maji yamekunjamana, yana mishipa, yanapiga kelele ya chini chini tofauti na kelele ya mawimbi. Ngalawa zote tatu za mbele zikakwama katikati yake. Matanga yameshiba, povu linapasuka kwenye omo, lakini ukitazama mwamba ulio ubavuni unaona husogei hata hatua.

Jinja alikuwa nyumbani. Akachukua kafi, akaanza kupiga maji kutoka kule mrenguni, na sauti yake ya kazi ikamtoka: "Mbele! Mbele! Wote mbele!" Fundi akamsikia yeye badala ya ami. Ami alikuwa amemwambia Fundi arudi ndani, kwa sababu aliona upepo unalegea na mwingine mkali unakuja nyuma yake juu ya maji, ule weusi unaokimbia kama kivuli cha wingu. Fundi akasogea mbele. Na mimi, kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka, nilikuwa nimeizungusha demani mara mbili kwenye kiganja na kuikanyagia mguu.

Upepo ulipofika ami alisema neno moja: "Achia." Sikuweza. Kamba ilikuwa imenibana. Mrengu wa upande wa demani, upande wa chini ya upepo, ukazama, mkondo ukaukamata, na nikasikia mlio kama wa tawi kukatika. Kamba iliyofunga mti wa nyuma ilikuwa imepasuka. Maji yakaingia ndani ya gogo kwa mkupuo mmoja, yakafika kiunoni.

Hatukupinduka. Mpemba aliangusha tanga kabla hajaambiwa, akaanza kufua maji huku ametulia kama anayemwagia mchicha, na ami akaushika mti kwa mkono wake mmoja, usukani kwa mwingine. Mkondo ukaturudisha ndani wangwani kama uchafu. Tukapiga makafi mpaka ufukweni. Wengine walikwenda Paje, wakarudi, wakamaliza. Mshindi ni *Usiniguse*, ngalawa ya vijana wa hapa hapa, wenye umri wa wanafunzi wangu wa zamani.

Ami hakusema kitu mpaka baada ya Magharibi. Nilimfuata uwani nikamwomba radhi. Alikuwa anatazama kamba iliyopasuka, nailoni ya kijani iliyokauka kwa jua.

"Kamba hii nilijua imechoka," alisema. "Hilo ni langu. Lakini demani, mwanangu, haifungwi. Siku zote hushikwa. Ukishaifunga umeukabidhi upepo usukani."

Kwa Jinja alisema kidogo zaidi. Alimwambia kwamba sauti yake ni nzuri na mkono wake una nguvu, lakini chombo hakina manahodha wawili. Jinja aliinamisha kichwa. Nilimwona alivyoumia, kwa sababu ile amri yake ndiyo kitu alichokuja nacho kutoka Jinja, na ndiyo iliyotuponza.

Kisha tukafanya kazi. Jirani yake ami, bibi mmoja anayesokota kamba, alituletea shungi la usumba. Nilikaa naye kwa muda, nikiuliza mambo ambayo mtu wa kisiwa hiki alipaswa kuyajua. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani, chini ya mchanga na mawe, miezi mingi, maji ya chumvi yakayaozesha yale mazito na kuacha nyuzi. Huchimbuliwa, hupondwa, huoshwa, hukaushwa, husokotwa kwenye paja au baina ya viganja. Alinionyesha viganja vyake, ngozi inang'aa kama ubao wa bao. "Usumba unapenda chumvi," alisema. "Ile ya dukani inaiogopa." Tukaivuta ngalawa juu, chini ya mnazi, na Mpemba akafunga mti upya kwa mwanga wa taa ya simu, mizunguko iliyopishana, kila mzunguko akiukaza kwa kuukanyaga. Alikuwa anaimba kwa pumzi tu, bila ya maneno. Tulimaliza saa 4 usiku.

Jumapili

Saa 3 na nusu ami alipochukua fimbo hakuuliza. Tulikuwa tumeshavaa viatu.

Siku ya bamvua Jambiani bahari huondoka kweli kweli. Pale tuliporuka jana kwa tanga leo tulitembea, maji ya vifundo, mahali pengine mchanga mkavu wenye mistari kama ya paa la bati. Ngalawa za wavuvi zimelala ubavu. Kina mama walikuwa wameinama kwenye mwani, kanga zimekunjwa kiunoni, wakifunga vipande vipya kwenye kamba. Ami alisimama kwa kila kundi, akaamkia, akauliza habari za mavuno. Mama mmoja alituambia kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa maji yanapopata joto, kwa hivyo wengi wamebaki na ile nyembamba ambayo bei yake haipandi. Alisema hayo bila ya kuacha kufunga. Akatuonyesha pia ukingo wa shamba lake, kigingi cha mwisho kina kitambaa cha buluu, na akamwambia ami: "Jana yuko kijana kanipitia karibu mno." Hakuwa sisi, lakini nilikikariri kile kitambaa.

Kadiri tulivyokwenda ndivyo chini ilivyobadilika. Mchanga, kisha majani, kisha mawe. Ami alitupitisha kwenye mikono ya mchanga, akatukataza kukanyaga matumbawe yaliyo hai. Njia nzima ya resi ilikuwa wazi mbele yetu kama mtu aliyevua nguo, na nilihisi kwamba jana tulikuwa tumemvamia bila ya kumjua. Huku fungu la mchanga lililojificha, ambalo jana lilituchelewesha tukadhani ni upepo. Huku mfereji mwembamba wa buluu unaoanzia karibu na mashamba na kwenda kombo mpaka mlangoni.

Mlangoni tulisimama juu ya mwamba, tukasubiri. Ilikuwa karibu saa 5. Maji bado yalikuwa yakitoka, mepesi, mwisho wa pumzi. Ami aliokota kumbi la nazi akalitupa katikati. Likaondoka kuelekea bahari kuu, polepole, likapunguza mwendo, likasimama. Sote tulinyamaza. Sijui lilisimama kwa muda gani, pengine dakika 5. Povu lililozunguka mawe likalala. Kisha lile kumbi likageuka upande, likaanza kurudi kwetu.

"Hapo," ami akasema. "Sasa tazameni."

Kwa nusu saa tuliutazama mto ukizaliwa. Kwanza ulikuwa uzi katikati ya pengo. Kisha ukawa na mgongo. Upande wa kusini wa mlango, kwa ndani, kuna jiwe kubwa lenye umbo la kinu kilicholala. Mkondo ulipoanza kupata nguvu, maji yalipita pande zake mbili kwa kasi, lakini nyuma yake, upande wetu, palibaki duara la maji laini, kama mafuta, na majani yaliyofika hapo yalikuwa yakizunguka na kurudi kuelekea kwenye jiwe, yaani kuelekea nje.

Jinja alichutama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake, cheko la mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Ami, hili nalijua," alisema. "Kule mtoni tunapumzika nyuma ya mawe namna hii hii. Boti linakaa kimya na mto unapita pembeni. Ukitaka kupanda juu unatoka jiwe hadi jiwe."

"Sisi tunasema maji yamelala," ami akajibu. "Baba yangu alikuwa akiingia hapo na tanga kubwa, akasubiri, wengine wanapigana katikati. Sasa niambie wewe, ukitoka nyuma ya jiwe, omo unauweka wapi?"

Wakaanza kuzungumza, wawili hao, na sisi wengine tukasikiliza. Mmoja alieleza kwa mikono yenye kushika kafi la kufikirika, mwingine kwa fimbo juu ya mwamba. Waliafikiana kwamba omo usiuelekeze moja kwa moja kwenye mkondo, maana utaukamata na kukuzungusha. Uuingize kwa pembe ndogo, na uzito uwe upande wa kule unakokwenda. Ami alikuwa hajawahi kuona mto mkubwa maishani mwake. Nimeandika mengi katika daftari hili kuhusu kamba na matanga, lakini kilichonileta Jambiani, nadhani, ni ile nusu saa.

Maji yalitufukuza mpaka ufukweni, yakitufika magotini.

Saa 8 mchana. Ngalawa 8 leo, moja imepasuka jana. Kusi imezidi kidogo. Kanga ikaanguka.

Tuliondoka wa tano na hatukuwa na haraka. Ami aliufuata ule mfereji wa buluu, ambao sasa huwezi kuuona kwa macho ila kwa rangi iliyokoza kidogo, na lile fungu la mchanga tuliliacha kaskazini. Wawili waliotutangulia walikwaruza hapo, wakapunguza mwendo. Nilishika demani kwa vidole tu, mkono mmoja mbele ya mwingine, tayari kufungua. Kila upepo ulipozidi niliachia shibiri moja, ulipopungua nikairudisha. Hakuna aliyeniambia. Kamba yenyewe inakwambia ukiwa hujaifunga.

Mlangoni ilikuwa kama jana: matanga matatu yameshiba katikati ya mto, hayasogei. Ami akageuza omo kusini. Vijana wa *Usiniguse* walitutazama wakidhani tumeharibikiwa tena. Tukaingia nyuma ya jiwe, na kelele yote ikakatika. Ngalawa ikaanza kupanda yenyewe kuelekea nje, imebebwa na yale maji yanayorudi. Jinja alikuwa juu ya mti wa mrengu, kimya, kafi limelala mapajani. Alimtazama ami tu.

"Haya," ami akasema.

Jinja akapiga makafi 3, si zaidi, Fundi akaegemea nje mpaka mgongo wake unagusa maji, mimi nikavuta demani mpaka kifuani. Omo ukaingia mkondoni kwa pembe ile ile waliyoichora juu ya mwamba. Chombo kikatetemeka chote, nikasikia kamba za usumba zikilia, zikikaza, na hazikuachia. Jiwe likawa ubavuni mwetu. Kisha likawa nyuma. Kisha tukanyanyuliwa na wimbi la bahari kuu, pana, la buluu nzito, na boya likawa mbele yetu na hakuna mtu mwingine.

Kurudi ndani kulichukua muda mdogo kuliko kuusimulia. Upepo na mkondo vilitubeba pamoja, na tulipopita karibu na wale waliokuwa bado wanapigana kutoka nje Fundi aliwapungia mkono.

Kushuka Paje ni starehe. Upepo nyuma, tanga wazi, Mpemba akatugawia kachori alizozificha kwenye mfuko wa plastiki. Nilikiona kile kitambaa cha buluu mbali, nikamwambia ami, akakipa nafasi kubwa.

Tulifika boya la Paje wa kwanza. Huko ndiko tulikopoteza, na niseme wazi kwa nini. Kugeuza tanga la ngalawa katika bisho ni kazi ya watu waliozoeana: omo unapelekwa chini ya upepo, demani inaachiwa kabisa, foromali inasimamishwa, tanga linazungushwa mbele ya mlingoti na kwenda upande wa pili, joshi linafungwa upya, na wazito wanahama kutoka mrengu mmoja mpaka mwingine bila ya kukanyagana. Vijana wa *Usiniguse* wanafanya hivyo kila siku wakienda kuvua. Sisi tulikuwa na siku mbili. Kila tulipogeuza walitukaribia urefu wa chombo kimoja. Mara ya saba au ya nane walitupita, karibu kiasi cha kuona meno yao, na nahodha wao, kijana mdogo, akamwamkia ami: "Shikamoo, ami!" Ami akaitikia marahaba bila ya kutoa macho kwenye tanga.

Wa pili kati ya 8. Vigelegele vilikuwa vingi kuliko nilivyotegemea, na bibi wa kamba alikuja moja kwa moja kwenye mti wa nyuma, akabonyeza usumba wake kwa kidole gumba. Mshindi wa pili hupewa mfuko wa mchele wa kilo 25. Ami aliufungua hapo hapo, akampimia bibi kwanza, kisha mama wa kitambaa cha buluu ambaye alikuwa akipita na mwani wake, kisha jikoni.

Usiku wali, pweza wa nazi, na nahodha kijana wa *Usiniguse* alikuja na wenzake barazani. Walitaka kujua tulipitaje pale kwenye jiwe. Nilimtazama ami nikidhani ataficha. Alichukua kipande cha mkaa akawachorea sakafuni, na pale alipokwama na neno alimwachia Jinja aendelee.

Jumatatu

Gari ya kwanza ya mjini ni alfajiri, na nina kipindi saa 2. Baada ya sala tulishuka ufukweni kumuaga ami. Maji yalikuwa yamejaa na yameanza kurudi. Chini ya mnazi tulipofungia kamba palikuwa na kipande cha nailoni ya kijani tu. Kutoka hapo, mistari mitatu ilishuka mchangani mpaka majini: wa katikati mnene wa gogo, na miwili myembamba ya mirengu pembeni yake. Tanga lake lenye viraka lilikuwa limeshafika karibu na mlango. Mpemba alisema ami anakwenda kuvua, maji haya hayamsubiri mtu. Fundi alikiokota kile kipande cha nailoni akakitia mfukoni, tukapanda gari.